IST linatetemeka likipanda mlima na taa ya injini inawaka na kuzima: je, ninunue koili zote nne?

Mkazi_wa_Ipagala

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa wenye uelewa wa mfumo wa umeme wa injini. Ninamiliki Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5, ambayo huitumia kila siku hapa Dodoma kutoka Ipagala kwenda kazini Mtumba, na mara chache kwenda kwa wazazi Bereko, wilayani Kondoa. Gari likiwa tambarare halina shida yoyote. Asubuhi linawaka bila kusumbua, na likisimama kwenye taa za barabarani injini inatulia kabisa. Shida huanza pale linapobeba mzigo. Nikianza kupanda milima ya baada ya Kolo nikiwa na abiria na kiyoyozi kimewashwa, gari huanza kukwamakwama kana kwamba mafuta yanakatika, linatetemeka lote, na taa ya injini kwenye dashibodi huwaka na kuzima mfululizo hadi nipunguze kukanyaga mafuta. Nikifika tambarare mtetemo huisha, ila taa hubaki imewaka tuli.

Nililipeleka gereji moja hapa mjini. Walichomeka mashine ya kupimia, ikatoa kodi mbili (namba za hitilafu), P0300 na P0303, kisha fundi akaniambia kwamba gari linamisi, yaani silinda hazichomi mafuta sawasawa, koili zimechoka, na ninapaswa kununua zote nne kwa pamoja. Nilipomuuliza amejuaje kuwa ni koili na si plagi, alijibu kwamba ndivyo magari haya yalivyo. Plagi zilibadilishwa lini sijui, kwa sababu gari nililinunua kwa mtu ambaye hakuwa na kumbukumbu za matengenezo.

Koili nne ni fedha nyingi kwangu, na sipendi kununua kitu bila kuelewa kazi yake. Naomba kueleweshwa koili inafanya nini hasa, kwa nini shida ionekane mlimani tu, na kama kuna namna ya kuthibitisha ni ipi iliyoharibika kabla sijatoa fedha.

Dereva_wa_Sekenke

Pole sana, dada. Mimi huendesha Spacio kati ya Singida na Nzega, na dalili ulizozieleza nimezipata nikipanda mlima Sekenke, ambako gari lenye hitilafu ndogo haliwezi kuificha. Ushauri wangu ni ubadilishe zote nne. Zimefungwa kiwandani siku moja, zimepigwa na joto lile lile kwa miaka ile ile, na ikifa moja, nyingine nazo zinahesabu siku. Kwangu mimi ya pili ilikufa muda si mrefu baada ya ya kwanza, tena usiku, mahali pasipo na duka wala gereji. Gharama ya kulala njiani na watoto ni kubwa kuliko bei ya koili.

Fundi_Nkuhungu

Dada Mkazi wa Ipagala, swali ulilomuuliza yule fundi ndilo swali sahihi, na ulistahili kujibiwa. Ndugu Dereva wa Sekenke ana hoja kuhusu umri wa koili, nami nitairudia, lakini kwanza naomba tukubaliane kwamba mashine ya kupimia haikusema koili imekufa. Kodi P0300 maana yake ni kwamba kompyuta ya injini imeona silinda zinashindwa kuchoma mafuta bila mpangilio maalumu, na P0303 ni kwamba silinda namba tatu ndiyo inayoshindwa zaidi. Kompyuta inalijua hilo kwa kupima mwendo wa kirenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kwa sababu silinda isipochoma mafuta, kirenki hupungua kasi kidogo kwa kipindi kifupi sana. Haioni kilichosababisha. Silinda inaweza kushindwa kwa sababu ya koili, lakini pia kwa sababu ya plagi, nozeli (kinyunyizio cha petroli) iliyoziba, hewa inayovuja kwenye manifoldi (bomba la kupeleka hewa kwenye silinda), au mgandamizo uliopungua kwa sababu ya valvu. Kodi zinazoelekeza kwenye koili yenyewe au nyaya zake ni za kundi la P0351 hadi P0354, na hizo hujapata. Hata hivyo kukosekana kwake hakuitakasi koili, kwa kuwa koili inayovujisha umeme nje ya plagi inaweza kuendelea kuiambia kompyuta kwamba imefanya kazi yake.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Katika injini yako silinda namba moja ni ile iliyo upande wa cheni, yaani upande wa dereva, na hesabu inaelekea upande wa giaboksi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, hamisha koili ya silinda namba tatu uiweke namba moja, na ya namba moja uilete namba tatu. Usiguse plagi. Watu wengi huhamisha koili na plagi kwa wakati mmoja, kisha shida ikihama hawajui ni kipi kilichoihamisha. Futa kodi kwa mashine, halafu uliendeshe gari katika mazingira yale yale yanayoleta shida: abiria, kiyoyozi, mlima. Kuzunguka barabara za Area C hakutakuonyesha kitu. Kodi ikirudi ikiwa P0301, koili ndiyo yenye kosa, kwa kuwa shida imeifuata. Ikirudi P0303, koili haina hatia na unahamia kwenye plagi kwa utaratibu huo huo, kisha nozeli, na mwisho kipimo cha mgandamizo.

Nakusihi usikubali mtu yeyote achomoe koili moja moja injini ikiwa inanguruma ili asikilize ipi haibadilishi mlio. Utaratibu huo ulizoeleka enzi za distribyuta (kifaa kilichogawa umeme kwa kila plagi) na waya za plagi. Koili iliyochomolewa kwenye plagi huku ikiendelea kupewa amri hutafuta pa kutolea umeme wake, na unaweza kupenya kwenye kihami chake yenyewe au kwenye mkono wa fundi. Kama ni lazima kupima kwa mlio, fundi achomoe konekta ya nozeli ya silinda husika, ili petroli nayo isimwagike bure.

Jambo la mwisho kwa leo, na hili ni la haraka kuliko yote. Taa ya injini ikiwaka tuli inakuambia ukalikague gari. Ikiwaka na kuzima mfululizo inakuambia petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi wakati huo huo, na petroli hiyo huenda kuungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi. Masega yametengenezwa kwa kauri yenye vitundu vidogo vidogo, nayo ikipata joto la namna hiyo huyeyuka na kuziba. Masega ni ghali kuliko koili na plagi zote kwa pamoja. Kwa hiyo ukiona inawaka na kuzima, punguza mafuta hapo hapo, zima kiyoyozi, panda taratibu, na isipotulia egesha gari.

Mwalimu_wa_Umeme

Fundi ameeleza vizuri sana upande wa vitendo. Naomba nichukue maswali mawili ya dada yetu, kazi ya koili na sababu ya shida kujitokeza mlimani, kwa kuwa akielewa hayo hatahitaji kumwamini mtu kwa macho yaliyofumbwa.

Betri ya gari ina volti 12. Plagi inahitaji maelfu ya volti ili umeme uruke nafasi ya milimita moja hivi iliyopo kati ya ncha zake, tena ndani ya hewa iliyogandamizwa. Koili ndiyo inayoziba pengo hilo. Ndani yake kuna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma: waya mnene wenye mizunguko michache, na waya mwembamba sana wenye mizunguko inayokaribia mara mia ya ile. Mtu akipiga hesabu ataona kwamba volti 12 mara mia ni 1,200 tu, na 1,200 haitoshi. Nguvu inatoka mahali pengine. Kompyuta hupitisha umeme kwenye waya mnene kwa muda wa takriban sehemu tatu za elfu moja za sekunde, chuma kikajaa usumaku, kisha umeme hukatwa ghafla. Usumaku unaporomoka kwa kasi kubwa, na kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, kadiri usumaku unavyobadilika upesi ndivyo volti inavyopanda. Kwenye waya mnene peke yake volti hufika 300 au 400 kwa kitambo kidogo. Zidisha hizo mara mia na utapata volti 30,000 hadi 40,000 kwenye waya mwembamba. Cheche kwa hiyo hupigwa umeme unapokatwa, na ndiyo maana swichi inayoukata ni sehemu muhimu ya mfumo kama zilivyo nyaya zenyewe. Katika magari ya zamani kazi hiyo ilifanywa na platini (swichi ya kufungua na kufunga kwa mguso) ndani ya distribyuta, mpango ambao Charles Kettering aliuingiza katika magari ya Cadillac mwaka 1910. Katika IST swichi hiyo ni ya kielektroniki na imejengwa ndani ya kichwa cha kila koili.

Hapo ndipo unapopata sababu ya konekta ya koili yako kuwa na pini nne. Moja inaleta umeme chanya, moja inakwenda hasi, ya tatu inaleta amri ya kompyuta, na ya nne inairudishia kompyuta taarifa kwamba amri imetekelezwa. Kutokana na muundo huo, kupima koili ya namna hii kwa mita ya omu hakusaidii sana, kwa kuwa waya mnene umejificha nyuma ya swichi ya kielektroniki na namba utakayoisoma haina maana ya moja kwa moja. Koili za zamani zenye pini mbili zinapimika. Fundi akikuletea mita, akagusa pini za koili ya IST na kutamka kuwa mbovu, mwombe ahamishe koili kama ulivyoelekezwa hapo juu.

Sasa kuhusu mlima. Ukikanyaga mafuta kidogo kwenye tambarare, hewa inayoingia kwenye silinda ni chache, na ikigandamizwa shinikizo lake ni la wastani. Ukikanyaga sana ili kupanda, hewa inaingia kwa wingi, na wakati wa kugandamizwa shinikizo linapanda mno. Hewa yenye shinikizo kubwa ni ngumu kwa umeme kuirukia, kwa hiyo volti inayotakiwa kwenye plagi nayo inapanda. Plagi iliyochakaa, ambayo nafasi ya ncha zake imepanuka, huongeza hitaji hilo zaidi. Umeme, kama maji ya mvua yanayoshuka mlimani, hufuata njia iliyo nyepesi. Kama mpira mrefu wa koili una ufa mdogo, au porseleni ya plagi ina alama ya kaboni upande wa nje, basi kwenye tambarare plagi ndiyo njia nyepesi na gari linakwenda vizuri, lakini mlimani ule ufa unakuwa rahisi kuliko plagi, na umeme unaruka kuelekea kwenye chuma cha silinda hedi, sehemu ya juu ya injini inamofungwa plagi. Mafuta ya silinda hiyo hayaungui. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kila plagi hupiga cheche 25 kwa sekunde, na ukikosa sehemu ya hizo mtetemo wake unausikia mpaka kwenye usukani.

Kuna jambo dogo la ziada ambalo wakazi wa Dodoma wanafaa kulijua. Mji wetu uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la pwani kwa takriban asilimia 12. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, kwa hiyo hata ukikanyaga mafuta hadi mwisho, volti inayodaiwa na plagi ni ndogo kuliko ingekuwa Dar es Salaam. Koili iliyodhoofika inaweza kuvumilia Dodoma na kuanza kumisi ukiwa umeshuka pwani, na mwenye gari akadhani amewekewa petroli mbaya njiani. Petroli inalaumiwa sana katika nchi hii kwa makosa ya cheche.

Mkazi_wa_Ipagala

Nawashukuru sana, fundi na mwalimu, na wewe pia kaka Dereva. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kinachofanyika chini ya boneti. Nilimtafuta fundi mwingine wa jirani, tukahamisha koili namba tatu kuja namba moja bila kugusa plagi, tukafuta kodi, na mwisho wa juma nikaenda Bereko kama kawaida. Baada ya Kolo gari likaanza tena, nikapunguza mwendo kama nilivyoelekezwa. Tuliposoma kodi nyumbani kwa wazazi ikawa P0301. Kwa maana hiyo shida imeifuata koili.

Hata hivyo kuna jambo limenitia wasiwasi. Ile koili tulipoichomoa namba tatu, mpira wake ulikuwa umelowa oili, laini na umevimba upande wa chini, na pembeni mwake kulikuwa na mstari mwembamba mweupe unaoshuka kutoka juu hadi karibu na mdomo. Ndani ya tundu la plagi tulimulika na tochi ya simu tukaona oili imetuama kuzunguka kichwa cha plagi. Matundu mengine matatu ni makavu. Fundi wa jirani anasema nifute oili hiyo kwa kitambaa, niweke koili nyingine iliyotumika kutoka kwenye injini ya Japani, na mambo yatakuwa sawa. Je, hilo linatosha? Na je, kazi ya kuweka koili na plagi ninaweza kuifanya mwenyewe nikiwa na spana?

Fundi_Nkuhungu

Dada, umefanya kazi nzuri, na mstari mweupe ulioueleza ndio njia yenyewe ambayo umeme umekuwa ukipita kuelekea kwenye chuma. Sasa tunajua kilichokufa na tunajua kilichokiua. Kufuta kwa kitambaa hakutoshi. Oili hiyo inatoka juu, chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), pale ambapo sili ya tundu la plagi imekauka na kupoteza unyumbufu wake. Oili huulainisha mpira wa koili mpaka unapoteza uwezo wa kuzuia umeme. Ukiweka koili mpya kwenye tundu lile lile, nayo itaoga oili na kurudi kwenye hali hiyo hiyo. Kwa hiyo anza na gasketi ya tapeti kava pamoja na sili za matundu yote manne, kwa kuwa hizo ni za umri mmoja, na kazi ya kufungua kava ni ile ile kwa tundu moja au manne. Hapa ndipo hoja ya kaka Dereva inapokuwa na nguvu zaidi, kwenye sili, ambazo bei yake ni ndogo ukilinganisha na hasara zinazoweza kuleta.

Kuhusu koili zenyewe, kwa gari lako ningebadilisha moja iliyothibitika, na plagi zote nne. Koili tatu zilizobaki ziko kwenye matundu makavu, na katika 1NZ-FE kila koili iko wazi juu ya injini. Ikifa nyingine siku moja unaibadilisha kwa dakika chache pembeni ya barabara. Ningetoa ushauri tofauti kwa mwenye Harrier ya V6, ambako mara nyingi ni lazima kufungua manifoldi ya hewa ili kuzifikia koili za nyuma, na mtu hataki kulipia kazi hiyo mara mbili. Plagi zibadilishwe zote kwa sababu hatujui umri wake, na plagi yenye nafasi iliyopanuka huilazimisha koili kutoa volti kubwa kila wakati hadi ichoke kabla ya siku zake. Injini hii imetengenezewa plagi zenye nafasi ya milimita 1.1, na ndiyo maana namba za plagi zake nyingi huishia na 11. Za iridiamu hudumu hadi karibu kilomita 100,000, ilhali za kawaida zinahitaji kubadilishwa mapema zaidi. Ukinunua za iridiamu usizigonge wala kuzipanua kwa bisibisi, kwani ncha yake ni nyembamba na inakatika.

Koili iliyotumika si dhambi, lakini nayo ni ya umri wa gari lako au zaidi, na hujui tundu ilikotoka lilikuwa na nini. Ukilazimika kuinunua, ikague mpira wake kwa mwanga mkali, uukunje kidogo uone kama una nyufa, na uangalie springi ya ndani isiwe na kutu. Ukinunua mpya, nunua kwa namba iliyochapwa kwenye koili yako, usinunue kwa sura wala kwa jina la gari. Koili za 1NZ-FE mara nyingi zina namba 90919-02240, na za 1ZZ-FE, kama iliyoko kwenye magari mengi ya lita 1.8, ni 90919-02239; muuzaji asiye makini anaweza kukupa moja badala ya nyingine kwa sababu zinafanana machoni. Boksi zuri halithibitishi kitu. Uchapaji wa namba kwenye plastiki, ubora wa mpira na kukaa imara kwa pini za konekta vinaeleza zaidi.

Kuifanya mwenyewe inawezekana kabisa upande wa koili na plagi. Tapeti kava mwachie fundi kama hujawahi. Subiri injini ipoe kabisa, kwa kuwa silinda hedi ni ya aluminiamu na uzi wake unaharibika kirahisi plagi ikifunguliwa ya moto. Kabla hujafungua chochote, puliza au futa vumbi lote lililozunguka koili. Kwa hapa Dodoma nasisitiza hilo, hasa kuanzia mwezi wa saba hadi mvua zinaponyesha, kwa kuwa vumbi la barabara zetu hukaa kwenye pindo za kava, na plagi ikishatoka linaingia moja kwa moja ndani ya silinda na kukwaruza kuta zake. Konekta uibonyeze klipu yake kwa kidole ndipo uivute, usivute kwa kushika nyaya. Plastiki iliyokaa kwenye joto miaka mingi inavunjika, na konekta isiyojifunga huleta kumisi kwingine kunakowasumbua watu kwa miezi. Kisha fungua boliti ya koili kwa spana namba 10, izungushe koili kidogo kushoto na kulia ili mpira uachie, na uivute wima.

Tundu lenye oili likaushwe kabla ya kutoa plagi, la sivyo oili yote inamwagikia kwenye silinda. Plagi inatoka kwa soketi ndefu ya 16. Ya kurudisha ianze kwa mkono, ukishika mpini wa soketi bila rachet, na iingie bila kulazimishwa kwa mizunguko kadhaa; ukihisi ugumu mapema, itoe uanze upya, kwa kuwa uzi wa aluminiamu ukipotoka huwezi kuurudisha kwa nguvu. Plagi mpya ikigusa chini, iongezee nusu mzunguko ili washa yake (pete ya chuma) ijibane, basi. Paka grisi ya silikoni kiasi kidogo sana ndani ya mdomo wa mpira wa koili, isukume hadi uihisi imekaa juu ya plagi, kaza boliti kwa wastani, na rudisha konekta mpaka usikie imejifunga.

Dereva_wa_Sekenke

Fundi, nakubaliana nawe kuhusu sili, na hilo la oili sikulifikiria. Naomba kuongeza swali kwa faida ya wengi: je, wale wanaoosha injini kwa mashine ya maji ya kusukuma wanachangia tatizo hili? Kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari hapa njiani ni kawaida, na vijana hukuuliza tu kama waoshe na injini.

Fundi_Nkuhungu

Wanachangia sana, kaka. Mpira wa juu wa koili umeundwa kuzuia matone ya mvua yanayopenya kwenye boneti, haukuundwa kuzuia maji yanayosukumwa kwa nguvu. Maji yakiingia kwenye tundu hayana pa kutokea. Yanakaa pale yakila springi kwa kutu, na injini ikipata moto yanakuwa mvuke unaosaidia umeme kuruka nje ya plagi. Gari likianza kumisi jioni ya siku lilipooshwa injini, chomoa koili zote, kausha matundu kwa hewa ya kompresa na uziache koili juani kabla ya kununua chochote. Injini yenye vumbi la Dodoma inasafishika kwa brashi na kitambaa chenye unyevu.

Kwa dada, kazi ikishakamilika, futa kodi na urudi kwenye mlima ule ule ukiwa na mzigo ule ule. Soma tena kodi hata kama taa haikuwaka, kwa kuwa kompyuta huanza kuhifadhi kodi ya muda kabla haijawasha taa. Isipoonekana ya kundi la P0300, upande wa cheche umekwisha. Endapo baada ya wiki chache itatokea P0420, hiyo inahusu masega, na utajua petroli iliyopita bila kuungua ilikwisha kuyadhuru. Usimruhusu mtu akutajie koili tena kwa sababu ya kodi hiyo. Koili ya zamani uitupe, usiiweke kwenye buti kama ya akiba, kwa kuwa siku utakapoihitaji gizani itakurudisha kwenye hitilafu ile ile.